Malalamiko Dhidi ya Sindano Nyembamba na Majibu Yanayowahi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Hospitali,

Nakuandikia nikiwa mzima kiasi, na natumaini wewe u mzima zaidi yangu, maana ndiwe unayetegemewa. Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko nyuma ya duka la rangi, na wateja huniita Fundi Sponji. Bila shaka hata wewe umewahi kukalia kazi yangu, kwa sababu lile kochi la kijani lililo kwenye chumba chako cha wageni nililishona mimi pamoja na marehemu mke wangu, ambaye ndiye aliyekunja pembe. Ukilitazama vizuri utaona pembe za kushoto zimekaa sawasawa kuliko za kulia. Kushoto ni kwake.

Si kawaida yangu kulalamika. Katika kazi yetu wateja ndio hulalamika, na fundi husikiliza huku akitafuta tepu. Lakini nililofanyiwa katika chumba cha mwisho cha ukumbi wa maabara halivumiliki. Binti yangu aliposikia nataka kuandika, alisema, "Baba, acha mambo yako, watakucheka." Ndipo nilipojua kwamba ni lazima niandike.

Kwa kifupi, nilichomwa shingoni kwa sindano nyembamba kuchunguzwa uvimbe, na sasa watumishi wako wanataka kunipa majibu kwa nguvu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Udogo wa sindano.

Uvimbe wangu uko chini ya sikio la kulia. Aliyeugundua ni kinyozi wa jirani, siku moja akininyoa. Alisimamisha mashine akaniuliza, "Fundi, hapa umeficha nini?" Tangu siku hiyo uvimbe huu umekuwa mtu maarufu mtaani. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anasema una ukubwa wa limau. Kinyozi anasema limau ni uongo, ni yai la njiwa. Wamebishana mbele yangu kana kwamba shingo ni yao, na wapo watu ambao siku hizi huujulia hali uvimbe kwanza, mimi baadaye.

Kwa hiyo nilipotumwa kuja kuchomwa, nilijiandaa kwa uzito unaostahili. Nilifunga karakana, nikamkabidhi shemeji funguo, nikapanga begi lenye shuka mbili, kandambili, sabuni na kikombe. Niliagana na kinyozi kwa mikono yote miwili. Alitoa machozi, Mheshimiwa, na si mtu wa kutoa machozi.

Sasa fikiria aibu yangu. Daktari akafungua karatasi akatoa kisindano ambacho hata kifungo cha shati usingekishona nacho kwa heshima. Mimi nina shazia za kushonea magodoro, ukiishika moja mkononi unajua umeshika kitu. Nikauliza ganzi iko wapi. Akasema haihitajiki. Akasema nivute pumzi na nisimeze mate, na kabla sijafumba macho vizuri, kazi ilikuwa imekwisha. Nilibandikwa kiplasta ambacho ningeweza kukitumia kama stempu.

Nilirudi mtaani mchana ule ule, begi langu begani. Kinyozi alinikagua shingo akacheka mpaka akakalia kiti cha wateja. "Hiki tu? Mbona mimi nikikunyoa nakukata zaidi ya hapo!" Tangu hapo kila nikipita ananidai nimrudishie machozi yake.

2. Sindano haikuwa na uzi.

Katika kazi yetu, sindano isiyo na uzi haifanyi kazi, inatembea tu. Hii ya kwenu iliingia ikawa inakwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya tundu lile lile, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Nilimwambia daktari kwa adabu, "Daktari, umesahau uzi." Alinijibu, "Mzee wangu, usiseme, shingo inacheza." Halafu akachomoa, akadondosha tone moja juu ya kioo, akalitandaza kwa kioo kingine, akasema limetosha.

Tone! Uvimbe uliojadiliwa na mtaa mzima umesemewa na tone, ambalo halikuchaguliwa na mtu yeyote.

Nilipomweleza binti yangu jambo hili, alinikumbusha kwamba mimi mwenyewe, nikiletewa kochi kuukuu, huchoma shazia ubavuni, nikavuta nyuzi mbili tatu, nikamwambia mwenyewe kama ndani mna sponji, makumbi au matambara. "Hulipasui kochi zima, Baba," alisema. Nikamjibu kwamba kochi halina watoto. Akainuka akatoka, na mimi nikahesabu kwamba nimeshinda. Baadaye nilimkuta jikoni anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Siku hizi sihesabu kwamba nilishinda, lakini hoja yangu iko pale pale.

3. Rangi na mguno.

Daktari huyu, ambaye wenzake humwita Mama Vioo, alikitumbukiza kile kioo kwenye rangi ya zambarau bila kuniuliza. Mimi sijawahi kumchagulia mteja rangi. Marehemu mke wangu alikuwa akiwawekea wateja vipande vya vitambaa magotini, kisha anawaambia wasiamue mpaka jua lishuke, kwa sababu rangi ya asubuhi na rangi ya jioni ni vitu viwili. Wateja walilalamika, na jioni walibadili mawazo. Tone langu halikupewa hata dakika ya kufikiri.

Baada ya hapo Mama Vioo aliinamia darubini. Alitazama, akazungusha kitu, akatazama tena. Akamwita mwenzake, naye akatazama. Mama Vioo akasema, "Mm." Mwenzake akasema, "Mm-hm." Kisha nikaambiwa tone la kwanza lilikuwa damu tupu, nichomwe tena, nikachomwa tena, na tone la pili lilipotazamwa, Mama Vioo akaguna mara nyingine.

Naomba ipigwe marufuku kuguna mbele ya mwenye shingo. Mguno ule nimeugeuza pande zote. Nikiwa karakanani, mikono ina kazi, unakuwa mguno mzuri, wa mtu aliyeona kitu cha kawaida. Nikikaa bila kazi unabadilika. Nimejaribu hata kuuguna mwenyewe mbele ya kioo ili nione uso wa mtu anayeguna vile unakuwaje. Shemeji aliingia akanikuta, akauliza kama uvimbe umefika kichwani.

4. Daktari hakuhuzunika.

Nilitegemea angalau sura ya msiba. Badala yake, akiwa anavua glavu, aliniuliza kama ninaweza kumtengenezea kiti chake cha kuzunguka, ambacho kimechanika na kinambana. Nilikikagua. Ni kweli kimechanika.

5. Haraka isiyo na ustaarabu.

Hapa ndipo penye donda, Mheshimiwa, na naomba uvumilivu wako.

Mama Vioo alisema, "Majibu kesho mchana." Kesho! Mtu hata hajamaliza kuwaeleza majirani alivyochomwa!

Marehemu mke wangu alipopata uvimbe wa titi, hospitali hii hii ilifuata taratibu zake bila papara. Chumba hicho cha mwisho wakati huo kilikuwa stoo ya magodoro mabovu. Tuliwahi kuitwa humo, yeye na mimi, tukashona mengine, naye alikaa karibu kabisa na pale ilipo darubini leo, akikata uzi kwa meno ilhali mkasi unaning'inia shingoni mwake. Hakukuwa na sindano nyembamba. Alikatwa kipande, kipande kikatiwa kwenye kichupa. Kichupa kilingoja gari, gari likangoja mafuta, mafuta yakangoja sahihi. Kilipofika hospitali kuu kikamngoja mtaalamu, na mtaalamu alikuwa kwenye semina.

Muda huo wote tulikuwa na nafasi. Kila asubuhi mke wangu aliuliza kama kuna habari, nami nikisema hakuna, alisema, "Labda gari limepata pancha." Akiwa na raha alisema, "Kipande changu kimeenda kutembea mji mkubwa, na mimi mwenyewe hujawahi kunipeleka." Alikuwa hawezi kulala upande ule, kwa hiyo tulibadilishana pande za kitanda, na mpaka leo mimi hulala upande ambao si wangu.

Majibu yalikuja tukiwa tumesharudisha viti vya kuazima vya msibani. Tarishi alifika na bahasha akauliza, "Mwenyewe yupo?" Nikamwambia ametoka. Nikatia sahihi. Yalikuwa majibu safi, yamechapwa vizuri bila kosa hata moja, na chini yake waliandika kwamba mgonjwa aonwe na daktari haraka iwezekanavyo. Neno "haraka" lilipigiwa mstari.

Huo ndio utaratibu nilioufahamu katika hospitali yako. Sasa nani aliwaruhusu kuubadili? Na kama ungeweza kubadilishwa kwa kisindano na vioo viwili, kwa nini ulikuwa haubadiliki?

6. Usumbufu wa simu.

Kwa kuwa sikuja kesho yake, wala siku zilizofuata, muuguzi wa mapokezi alianza kunipigia. Mara ya kwanza nilibadili sauti. Nikamwambia Fundi amesafiri.

"Amesafiri wapi?"

"Mbali."

"Na simu yake ameiacha?"

"Ni msahaulifu sana."

"Mzee, sauti yako naijua. Ndiyo iliyoniambia kochi langu litakuwa tayari Ijumaa, na Ijumaa yenyewe mpaka leo haijafika."

Nikaona nimekamatwa, nikamuuliza kwa heshima kama majibu ni mazuri au mabaya. Akasema majibu hayasemwi kwenye simu, niende mwenyewe. Nikamwambia hata kochi halisemwi kwenye simu. Tukaagana vizuri, kila mmoja ameshikilia cha mwenzake. Lakini amepiga tena, na tena, na juzi alinipigia nikiwa na mteja, akaniambia, "Baba, nakuomba." Sikupenda namna alivyosema. Muuguzi wa serikali kazi yake ni kuamrisha. Akianza kuomba, mtu unakaa chini.

7. Kuvunjwa kwa foleni.

Kwenye ukuta wa mapokezi yako pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba anayetangulia kufika ndiye anayehudumiwa kwanza. Mimi ni mtu wa kufuata maandishi. Mke wangu alifika kwanza. Alifika zamani, akapanga mstari, akangoja bila kugombana na mtu, na akampisha mama mwenye mtoto mgonjwa. Mimi nimekuja nyuma yake, na mnataka nipite mbele.

Siwezi. Nikiingia kupokea jibu ambalo yeye alilingoja mpaka akachoka, nitakaa wapi? Mezani penu patakuwa na kiti kimoja. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mwiteni yeye kwanza. Siku mtakayompa majibu yake kwa wakati, yaani akiwa bado anaweza kuyasoma, mimi nitakuja siku hiyo hiyo, tena nitakuja na begi.

Kutokana na hayo, Mheshimiwa, naomba ofisi yako itekeleze mambo yafuatayo:

(a) Itafutwe sindano nene, ikiwezekana yenye kelele, ili mtu akirudi mtaani aheshimiwe.

(b) Majibu ya uvimbe yacheleweshwe kama zamani. Kama maabara haina uwezo huo, kazi ikabidhiwe idara inayoshughulikia bomba lililopasuka karibu na wodi ya watoto, ambayo uzoefu wake hauna shaka.

(c) Mama Vioo ahamishiwe masjala, ambako tabia yake ya kujibu upesi itadhibitiwa na wenzake.

(d) Chumba cha mwisho kirudishiwe magodoro yake. Nitayashona bure.

(e) Kila mwenye uvimbe apewe haki ya kukaa nao bila kuujua, kama tunavyokaa na ndugu aliyekuja kutusalimia na ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini.

Mwisho, nakutakia kazi njema na usingizi wa kutosha. Nisalimie mlinzi wa geti anayesinzia kwa adabu, na mama anayepiga deki ukumbini, ambaye aliniambia niinue miguu kisha akaniambia pole, bila kujua ni ya nini. Nisalimie muuguzi wa mapokezi, mwambie kitambaa chake kimeshakatwa. Msalimie na Mama Vioo, kwa kuwa ugomvi wangu naye ni wa kikazi tu.

Wako katika kungoja,

Fundi Sponji,
nyuma ya duka la rangi.

Nyongeza: Barua hii nimeileta kwa mkono wangu ili isichelewe njiani. Karani wa masjala ameigonga muhuri, akaniambia malalamiko hayajibiwi kabla ya kikao, na kikao bado hakijapangiwa siku. Mheshimiwa, nilipandwa na hasira. Nilimwambia kwa sauti mpaka watu wakageuka, "Mwanangu, mtu mwenye shida anawekwaje hivi hivi bila jibu? Hamna huruma?" Akanitazama. Nami nikawa nimeshayasikia maneno yangu mwenyewe. Nikamwomba anirudishie barua niongeze maneno machache.

Ninayaandika kwenye benchi la ukumbi wa maabara, ambapo nilikaa kwa sababu ya miguu tu. Sikuwa na kalamu, nikaazima kwa mama mmoja aliyekaa kando yangu. Alikuwa amekumbatia pochi kifuani, anainuka, anakaa, anainuka. Akaniuliza, "Baba, wewe umeshachomwa humo ndani?" Nikasema ndiyo, tena mara mbili. "Sindano yao kubwa?"

"Mama, nyembamba mno. Unavuta pumzi, imekwisha. Mimi mtaani hawakuamini."

"Na majibu? Si watanizungusha?"

"Kesho mchana."

"Kesho? Sitaki kujua kesho, Baba. Bora niende nyumbani kwanza, nije hata mwezi ujao."

Mheshimiwa, nilimshika mkanda wa pochi. Nilimwambia asiende. Nilimsifia Mama Vioo, nikausifia na uharaka wenu wote, mpaka nikaona haya, maana angepita mtu angedhani mnanilipa. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na yako yalisemaje?"

Nikamwambia anishikie nafasi, nikabisha hodi, nikaingia.

Ni kifua kikuu, ila kimepotea njia kikaingia kwenye tezi za shingo. Kina dawa. Nitazimeza kwa muda mrefu, na uvimbe utapungua. Mama Vioo amesema walikuwa wakinitafuta ili nianze mapema, na kwamba binti yangu na shemeji nao wafike wapimwe. Nilimuuliza kama ana hakika, kwa tone moja. Akasema ana hakika. Basi malalamiko yote nayaondoa, isipokuwa lile la kuguna, ambalo nalisimamia.

Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu, pochi tu imebaki. Nikajua mama amekimbia na kuisahau. Nilikuwa natazama kulia na kushoto nijue nimfuate upande gani, mara mlango wa chumba cha kando cha Mama Vioo ukafunguka, muuguzi akatoa kichwa. Akasema yule mama ameshalala kitandani lakini anatetemeka, nani amekuja naye?

Nimenyoosha mkono.